Majani ya Uzio wa Scovia

Trinah aliingia ndani na viatu miguuni, jambo lisilofanyika katika nyumba ile, akampita baba yake bila salamu na kumshika mama yake mabega kwa nyuma.

"Mama, majani yetu yamefanya kazi."

Scovia alikuwa anapiga pasi vitenge vya kupeleka sokoni Kimironko. Akaisimamisha pasi. "Majani gani?"

"Ya uzio. Mubirizi. Si niliondoka na mfuko mzima siku ile, ukaniuliza kama huko maabara Huye tunafuga mbuzi?"

Mutsinzi alikuwa amerudi kutoka Nyarutarama, alikokuwa dereva wa familia moja ya wakubwa, na alikuwa amenyoosha miguu kwenye kochi. Akacheka, lakini kidogo. Wiki ile daktari alikuwa amemwambia kwamba vidonge vya sukari peke yake havitoshi tena, na kwamba lazima aanze sindano za insulini bila kuchelewa. Tangu hapo neno sindano halikutajwa tena nyumbani. Joselyne, dada mkubwa wa Scovia, alianza sindano na wakamzika kabla ya mwaka kwisha. Madaktari walieleza kwamba Joselyne alichelewa mno kuianza, lakini maneno hayo hayakumwingia Scovia. Kwake yeye sindano ndiyo iliyomfungulia dada yake kaburi, na alikuwa ameapa kwamba haitamgusa mume wake.

"Keti, mwanangu," alisema. "Eleza polepole. Mimi niliishia la saba kule Karagwe, usinitupie Kiingereza."

Trinah hakuketi. Alichukua kitenge kilichokwisha kukunjwa akakiinua juu. "Hiki umekikunja wewe, kona kwa kona. Ukipanga mia kwenye rafu, kila kimoja kinakaa mahali pake. Sasa angalia." Akakivuruga, akachukua cha pili na cha tatu, akavisokota pamoja. "Chomoa kimoja."

"Havichomoki. Na utavipiga pasi mwenyewe."

"Basi ndivyo ilivyo kwa baba. Nyuma ya tumbo kuna kongosho. Inatoa insulini, na pamoja na insulini inatoa protini nyingine ndogo, inaitwa amilini. Ikikunjwa vizuri, haina neno. Ikikunjwa vibaya, zinashikana, zinakuwa nyuzi, na zile seli zinazotengeneza insulini zinaharibika mpaka zinakufa."

"Kwa hiyo humu ndani nimebeba duka la fundi mlevi," Mutsinzi alisema.

"Baba, nisikilize. Maabara tunaiweka hiyo protini kwenye kichupa na rangi fulani. Nyuzi zikishikana, rangi inawaka, na kwenye kompyuta mstari unapanda kama barabara ya kilima cha Rebero. Kila siku unapanda. Jana tukaweka kitu tulichokichuja kutoka kwenye mubirizi wetu. Mstari ukalala. Mimi na profesa tumekaa tunautazama kama watu wa mpira, tunangoja upande, haupandi. Profesa akaagiza soda kwa wote."

Scovia alihisi kitu kinamtambaa kutoka miguuni hadi kwenye nywele. Alikuwa ameelewa. Huo ndio uliokuja kuwa ubaya wake, kwamba alielewa vizuri sana. Mwanamke aliyekunja nguo maisha yake yote hakuhitaji kuambiwa mara mbili maana ya kukunja vibaya. Nyuzi, kushikana, kuharibika, na majani ya uzio wake mwenyewe yakiingia katikati na kuziachanisha.

"Lakini ni kwenye kichupa, mama," Trinah aliendelea, sasa ameinama akivua viatu. "Si ndani ya mtu. Tena si majani yenyewe, ni kitu kimoja tu kati ya vingi vilivyomo. Na bado tunaangalia kama si rangi yenyewe inayotudanganya."

Alipoinua kichwa, aliyekuwa mbele yake ni baba yake peke yake. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na Scovia alikuwa uani na kisu, anachuma.

* * *

Trinah alirudi Huye kesho yake. Jioni ileile Scovia alimwekea mumewe kikombe cha kwanza. Kilikuwa cha kijani kibichi chenye povu, na harufu yake ilijaa hadi chumbani.

"Kunywa kikiwa cha moto."

Mutsinzi alikunywa, akafumba jicho moja. "Scovia, hii ikishindwa na sukari, itaweza kubandua rangi ya gari."

"Kunywa yote. Na vidonge nipe mimi. Si daktari mwenyewe kasema vimeshindwa?"

Alimpa. Hilo nalo Scovia alilikumbuka baadaye, jinsi mumewe alivyompa bila ubishi, mtu aliyekuwa akibishana hata juu ya chumvi.

Kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani, Scovia alimchoma mumewe kidole na kuweka tone la damu kwenye kile kipimo kidogo walichonunua wakati wa Joselyne. Jumapili ya kwanza kilionyesha mia tatu na kitu, kama siku zote. Ya pili kilionyesha mia mbili na ishirini. Scovia akapima tena kwa kidole kingine, na jibu lilikuwa karibu lilelile. Ya tatu kilionyesha mia na sitini. Alikikaza kipimo mkononi akatoka nacho mpaka barabarani, akarudi, akatoka tena. Hakujua aende wapi nacho. Kanisani siku ile aliimba mpaka mwanamke wa mbele yake akageuka kutazama.

"Umepungua mkojo?" alimuuliza mumewe wakirudi.

"Umepungua."

"Na kiu?"

"Hata kiu." Mutsinzi alikuwa anamwangalia usoni, si njiani. "Unacheka peke yako, Mama Trinah. Watu watasema nimekuoa jana."

Alimpigia Trinah simu, lakini Trinah alikuwa katikati ya kazi na mashine zinavuma nyuma yake. Scovia aliposema sukari ya baba imeshuka, Trinah alijibu, "Afadhali, mama, nilijua dawa mpya itamsaidia," kwa sababu alidhani baba ameanza insulini kama daktari alivyosema. Scovia akasikia dawa mpya, akaitikia ndiyo, ndiyo kabisa. Wakakata simu, kila mmoja na furaha yake.

* * *

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, watu wa mudugudu, yaani mtaa mzima, waliweka majembe chini wakakaa kwenye nyasi kwa mkutano. Walizungumza juu ya mitaro, juu ya bima ya afya ya mituweli, juu ya mbwa wa mtu mmoja asiyefungwa. Mwishoni mkuu wa mudugudu akauliza kama kuna mwenye la ziada, na kwa kawaida hapo watu huwa wanasimama na kujikung'uta matope.

Scovia alisimama na buti zake za matope. Alieleza yote, kitenge na kona zake, nyuzi, rangi inayowaka, mstari uliolala. Alieleza vizuri kuliko binti yake, kwa sababu hakuweka "lakini" hata moja. Watu waliokuwa wamekwisha kuinuka wakakaa tena.

Mzee Usumani, fundi wa malori aliyestaafu, ambaye naye sukari ilikuwa imemla kidole cha mguu, aliinua mkono. "Mama Trinah, watu wenye majani tumewaona wengi. Huyu wako amepona nini hasa?"

"Muulize yeye. Yuko hapa."

Mutsinzi alisimama taratibu. Alivua kofia. Alimtazama Usumani, akawatazama majirani, kisha akamtazama mkewe aliyekuwa anang'aa uso mzima kama bibi harusi.

"Sukari imeshuka," alisema. "Kipimo kipo."

Akakaa haraka. Hakuna aliyeona haraka hiyo, kwa kuwa makofi yalikuwa yameanza.

Kabla ya saa sita uzio wa Scovia ulikuwa umezungukwa. Walikuja na mifuko, na ndoo, na mama mmoja na beseni la kuogeshea mtoto. Scovia hakumtoza mtu hata franga moja. Alikuwa anagawa mwenyewe, anaeleza kipimo cha maji, na kila aliyeuliza kama kweli ni ya maabara alijibiwa, "Ya uzio huuhuu. Binti yangu aliyachuma kwa mkono wake."

* * *

Gaudiose alikuwa na kibanda cha vitenge kinachotazamana na cha Scovia sokoni. Yeye alikuwa kwenye sindano miaka mingi. Alikuwa anajichoma palepale nyuma ya pazia la kupimia nguo, na wateja wakadhani anabadilisha blauzi. Alikulia Kigali na Kiswahili alikiokota sokoni. Majani alipelekewa na Scovia mwenyewe baada ya ule mkutano.

Asubuhi moja alivuka njia, akaegemea meza ya Scovia na kunong'ona kama mwenye mimba ya kwanza. "Mama Trinah, mimi sindano nimetupa. Nimetupa yote mu takataka. Sasa iko nakunywa majani yako tu."

"Yote?" Scovia aliuliza.

"Yote. Tumbo yangu ilikuwa nakuwa kama chujio, sha. Nimechoka."

Palikuwa na upenyo pale. Scovia angeweza kusema ngoja kwanza. Angeweza kuuliza kipimo kinasemaje. Badala yake alimwona Joselyne kwenye uso wa Gaudiose, Joselyne akiwa hai na sindano zake zimo kwenye takataka, akamkumbatia mwenzake juu ya vitambaa, na wakacheka mpaka mteja akauliza kama wamepata mchumba.

Siku chache baadaye Gaudiose alianza kunywa maji bila kikomo. Alisema ni dawa inasafisha. Kisha akaanza kusinzia kwenye kiti, akasema ni joto. Siku ya tatu Scovia alikuwa anampimia mteja yadi, akasikia kishindo. Gaudiose alikuwa ameangukia rafu yake, vitenge vimemfunika, na alikuwa anavuta pumzi ndefu za haraka kama mtu aliyepanda mlima anakimbia. Pumzi yake ilinuka matunda yaliyopitiliza.

"Gaudiose. Gaudiose, fungua macho."

Macho yalifunguka, yakapita juu ya Scovia bila kumtambua.

Scovia alimpigia mumewe. Nyarutarama si mbali, na Mutsinzi hakuuliza swali. Alifika na gari kubwa jeupe la bosi wake, akalisimamisha mahali ambapo hata mkokoteni haukuruhusiwa. Wanaume wanne wakambeba Gaudiose na kumlaza kiti cha nyuma. Njiani akatapika, juu ya ngozi ya kiti na juu ya gauni la Scovia aliyemshika kichwa.

"Una karatasi? Kitambaa?"

"Angalia hapo katikati, kwenye kisanduku," Mutsinzi alisema, kisha haraka, "Hapana, ngoja, ngoja niku..."

Lakini Scovia alikuwa amekwisha kupenyeza mkono katikati ya viti na kufungua. Hapakuwa na karatasi. Kulikuwa na chupa ndogo ya chai ya kutunza baridi, na pembeni yake mfuko wa sindano nyembamba zenye vifuniko vya rangi ya chungwa. Alizijua. Alikuwa amemshikia Joselyne zile zile.

"Hizi za nani?"

Mutsinzi alikuwa anaangalia barabara. "Zangu."

"Tangu lini?"

"Tangu Trinah alipokuja na habari yake. Kesho yake nilikwenda kituo cha afya peke yangu. Najichoma kule kazini, ndani ya gari. Castory wa getini ananiangalilia bosi asitokee, asije akaogopa kuendeshwa na mgonjwa. Na vidonge walinipa vingine."

"Na kipimo?"

"Ni insulini, Scovia. Ilikuwa insulini muda wote."

Gaudiose alikoroma. Scovia alimgeuza kichwa, akampangusa mdomo kwa kiganja. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo. "Ulisimama mbele ya watu."

"Ulikuwa unacheka," alisema Mutsinzi. "Tangu tumzike dada yako sikuwahi kukusikia unacheka namna ile. Nikasema, acha acheke, mimi nitajichoma kimya kimya, nani ataumia."

Aliyeumia alikuwa amelala kwenye mapaja ya Scovia.

* * *

Hospitalini walimchukua Gaudiose kwenye kitanda cha magurudumu. Nesi, msichana wa umri wa Trinah, alitoka na maswali.

"Alikuwa anatumia insulini?"

"Ndiyo. Aliacha."

"Kwa nini aliacha?"

Korido ilikuwa imejaa watu kwenye mabenchi, na hakuna kitu kinachosikilizwa vizuri kama habari ya mgonjwa wa mwingine. Scovia alishika mkoba wake kwa mikono miwili. "Alikuwa anakunywa majani. Mubirizi."

"Nani alimpa?"

"Mimi."

Mabenchi yote yaligeuka. Mzee mmoja alitikisa kichwa, mama mmoja akamvuta mtoto wake karibu. "Wewe ni mganga, mama?" nesi aliuliza, na aliuliza kweli, akiwa na kalamu tayari.

"Nauza vitenge," Scovia alisema.

Kule mlangoni Mutsinzi alikuwa kwenye simu, amesimama wima kana kwamba bosi anamwona. Ndiyo, bosi. Niko hospitali nalo. Nitaliosha mwenyewe. Hapana, bosi, si mgonjwa wa kuambukiza. Na kingine, bosi, hata mimi niko kwenye sindano, afadhali ujue kwangu. Kisha Mutsinzi akasema asante, akakaa kwenye ngazi kama aliyekatwa kamba.

Scovia alimpigia Trinah. Alimweleza bila kuruka kitu, hata makofi ya mkutanoni. Trinah hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mama, nilisema kwenye kichupa."

"Ulisema. Nilikuwa nimeshatoka."

"Ile tuliyoweka ni kidogo kuliko chembe ya chumvi, imechujwa kwa pombe ya maabara, haijapita tumboni, haijapita kwenye ini. Hatujui hata kama ingefika kwenye kongosho. Na Gaudiose seli zake nyingi zimekwisha kufa. Hata kama nyuzi zingeacha kushikana leo, nani angetengeneza insulini?" Kisha akauliza, "Waliochukua ni wangapi?"

"Sijui. Uzio umebaki vijiti."

"Basi mmoja mmoja, mama. Kabla hajaanguka mwingine."

Jioni daktari alikuja kuwaambia kwamba Gaudiose amezinduka na anauliza nani amefunga kibanda chake. Scovia alilia hapo, kwa mara ya kwanza, na alipomaliza akanawa uso kwenye bomba la korido na kwenda nyumbani kubadilisha gauni.

* * *

Asubuhi hakufungua kibanda. Alianza na nyumba ya jirani wa kushoto akapanda na mtaa. Wengine walikuwa wamekwisha kusikia, wakamfungulia nusu mlango. Wengine walikuwa wanakunywa majani pamoja na dawa zao, na hao walimpa kiti. Mama wa beseni alimsonya mbele ya wapangaji wake, kisha akaenda kutafuta vidonge chini ya godoro. Scovia alisema maneno yaleyale kila mlango, na kila mlango yalikuwa magumu kama ya kwanza.

Mzee Usumani alikuwa barazani kwake, anafungua redio kwa bisibisi.

"Nimesikia unapita nyumba kwa nyumba kama watu wa chanjo," alisema bila kuinua macho. "Wazungu wamekuja, sivyo? Wameyataka majani. Sasa mnatutisha tuyaache, ili mje mtuuzie kwenye chupa."

"Hakuna Mzungu, mzee wangu. Yuko Gaudiose, yuko hospitali na mpira puani."

"Gaudiose alikuwa mgonjwa zamani. Mumeo alisimama mbele yetu. Nilimuuliza mimi, kwa mdomo wangu."

Msichana wa kupitisha maziwa alikuwa amesimama kwenye lango na dumu lake, masikio wazi. Scovia alimwona, na akasema kwa sauti ileile. "Alidanganya. Anajichoma sindano kila siku ndani ya gari la bosi. Alinidanganya ili nifurahi, na mimi nikaichukua furaha yangu nikawanywesha ninyi."

Bisibisi ilisimama.

"Kwa hiyo binti yako anafanya kazi ya bure kule Huye."

"Hapana." Hapo Scovia aliinua kichwa, na ule moto wa siku ya kwanza ukampanda tena, haukuwa umekufa. "Ameona kitu, mzee. Nyuzi zilitaka kushikana, zikashindwa. Mimi nitakuwa wa kwanza kucheza ngoma siku ikithibitika. Lakini kutoka kwenye kichupa mpaka kwenye kikombe chako ni safari, na wao ndio wanaosafiri, wako njiani. Ukiwasubiri bila dawa, watafika hapa na hawatakukuta."

Usumani aliigeuza redio, akaiweka chini. Aliingia ndani, akakaa huko muda hata Scovia akadhani amefukuzwa. Akatoka na pakiti ya vidonge yenye vumbi na kikombe cha chai, akatoa kimoja, akakitupa mdomoni, akanywa.

"Umeridhika?"

"Fungua mdomo."

"Mimi ni sawa na baba yako, Scovia."

"Najua. Fungua."

Msichana wa maziwa alicheka kwenye lango. Usumani alimtazama vibaya, kisha akamtazama Scovia, na alipoona kwamba haondoki, akapanua mdomo wake wenye meno machache, taratibu, kama mtoto. Scovia aliinama, akaangalia kushoto na kulia, akamwambia ainue ulimi, akaangalia na chini yake.